Shimo Lenye Ufa

Ghala la sita lilikuwa tupu.

"Nyoni, hapa kuna popo tu." Sauti ya Januarius, mkuu wa kikosi, ilikwaruza kwenye redio ya Motorola. "Wimbo wako umetudanganya."

Nyoni lilikuwa jina la Milembe la redioni.

Alikuwa kibandani kwake, sokoni Bariadi. Miezi mitatu sasa alikuwa akiwaingizia watu nyimbo kwenye memori kadi, akijiita Apolonia. Hakuna aliyemjua. Hakuna aliyemtembelea. Siku ikiisha alikula ugali na dagaa akitazamana na ukuta. Ujasusi ndio huo. Hayo mengine ni mapambo.

Wimbo wenyewe ulikuwa unalia kwenye kila spika ya soko. Wimbo wa isolo, bao la Kisukuma. Harusini waliucheza. Shambani waliuimba wakipalilia.

*Kete imelala shimo la sita,*
*mwenzangu kaondoka,*
*nacheza pande zote mbili.*

Kila wiki ulitoka upya, namba ya shimo imebadilika. Mwimbaji, mtu wa Nassa, alidhani ni mbwembwe za mtunzi wake.

Zilikuwa amri za mtunzi kwa watu wake.

Shimo ni ghala la pamba, ukihesabu kutoka Bariadi kwenye barabara ya Lamadi. Simu hunaswa. Wimbo nani ataunasa? Unachezwa mbele ya polisi, na polisi anatikisa kichwa.

Na leo, mvua ya kwanza imeshanyesha, Fuso moja ilikuwa mahali fulani inapakia mbegu za pamba zilizokufa, zimepakwa rangi zikafanana na zilizo hai. Zikisambazwa, kijiji kizima cha Sapiwi kitapanda vumbi. Mwakani tajiri wa nje aliyegharamia mpango huu atakuja na mkataba wa miaka tisini na tisa, akodi ardhi ya watu wenye njaa, na watu wa ofisini watampigia makofi. Wao hawakumbuki kitu.

Milembe anakumbuka. Baba yake alipanda mbegu za namna hiyo mara tatu msimu mmoja. Akauza ng'ombe wa mwisho. Akakaa mlangoni akilitazama shamba, mpaka akafa amekaa.

"Tumehesabu sawasawa," Januarius aling'aka. "Moja mpaka sita! Hata mtoto anajua."

Hata mtoto.

Milembe akasukuma kibodi kando.

Nyumbani Sapiwi, nyuma ya zizi, kulikuwa na jiwe bapa lenye mashimo ya isolo, babu aliyachonga. Shimo la tano lilikuwa na ufa; kete zilitumbukia zikapotea. Basi watoto wawili wa nyumba ile walilipita tu. La sita wakaliita la tano. La saba wakaliita la sita.

Hakuna waliohesabu hivyo ila wao. Yeye, na kaka yake Mayala.

"Ghala la saba," alisema. "Natangulia."

"Subiri kikosi! Nyoni! Hiyo ni amri!"

Akazima redio.

Pikipiki yake, Boxer, ilikula lami dakika ishirini. Saa saba mchana, jua la kupasua mawe. Fuso ilikuwa ndiyo inatoka getini, magunia hadi juu.

Bastola ya Milembe, Glock, ilibweka mara mbili.

Matairi ya mbele yakakata pumzi. Dereva akaruka, akatokomea vichakani bila hata viatu.

Milembe akatoboa gunia kwa kisu, akapasua mbegu moja kwa ncha. Ndani, vumbi jeusi.

"Weka silaha chini!"

Mtu alisimama mlangoni mwa ghala, bunduki begani. Mvi zimemwanza.

"Mwadila, kaka," Milembe alimsalimia kwa Kisukuma.

Mtutu ukayumba. "Milembe? Si walisema uko Uarabuni, unafua nguo za watu?"

"Niliwaambia mimi."

"Nani kakuonyesha hapa?"

"Jiwe."

Mayala akaguna. "Nilitafuta hesabu isiyojulikana na mtu. Watu wangu nikawafundisha, la tano msilihesabu." Akatema mate. "Nikakusahau wewe."

"Na baba ulimsahau?"

"Usinitajie baba! Tukimzika ulikuwa wapi? Nilichimba mimi, nikafukia mimi. Miaka kumi na miwili, ng'wanike, mdogo wangu! Nakaa upande huu wa jiwe nacheza, nazunguka ule najijibu. Unajua ubaya wake? Kila ukishinda, aliyeshindwa ni wewe."

Soko zima lilikuwa linacheza upweke wa kaka yake, na yeye ndiye aliyeuingiza kwenye kadi zao.

"Ndiyo ukaamua Sapiwi yote ishindwe?"

Mayala akailaza bunduki chini taratibu, akanyoosha mikono. Pingu zikalia.

"Nilicheza jana," alinong'ona. "Zamu ni ya upande wako."

Magari ya kikosi yalifika yakitimua vumbi. Januarius akayatazama magunia, akamtazama mfungwa.

"Unamfahamu huyu?"

"Zamani."

"Dodoma watakupandisha cheo."

"Waambie mbegu zichomwe zote. Leo, na wakulima waone." Akaivuta Boxer. "Cheo wapeane wenyewe."

Njiani akakata kona kuingia Sapiwi. Nyumba ilikuwa imebomoka nusu. Jiwe lilikuwepo, limefagiliwa safi, kete zimepangwa. Milembe akainama. Ufa wa shimo la tano ulikuwa umezibwa kwa saruji, tena saruji ya zamani, imeota kuvu.

Shimo lilishapona, na Mayala alikuwa bado analiruka.

Milembe akachota kete za upande wake, akazigawa moja moja. Akalipita la tano.

Sasa zamu ilikuwa ya Mayala.

Akavaa miwani yake ya jua, akaipiga Boxer teke, akaondoka bila kugeuka.