Fagio la Agnetha

Asubuhi Agnetha alipenda kukawia chemchemini. Ukungu ulijaa bondeni, migomba ya kijiji cha Ihanda ikaonekana nusu nusu. Akingoja ndoo ijae, aliota macho wazi. Aliona bomba likipanda kilima taratibu, likipita katikati ya mibuni, hadi jikoni kwa mama. Mama anafungua koki, maji yanamwagika, anacheka peke yake. Jamani, utamu ulioje! Mara ndoo ikafurika, miguu ikalowa, ndoto ikaishia hapo.

Agnetha alikuwa amemaliza kidato cha sita. Sasa alitakiwa kuchagua shahada. Baba yake, Rwezaura, alitaka awe muuguzi. Yeye alitaka uhandisi wa mazingira.

"Mazingira?" Baba alicheka mpaka akakohoa. "Shuleni si mlifanya usafi wa mazingira kila asubuhi? Leo unataka chuo kikuu kikufundishe kufagia! Fagio lile pale mlangoni. Anza hata leo."

Agnetha akafagia uwanja huku machozi yanamlengalenga. Iliuma, wacha tu.

Jumamosi baba alikuwa akikamua ndizi za kutengeneza rubisi, ile pombe ya ndizi, Agnetha na mama wakimsaidia. Nasreen akapita njiani. Alikuwa jirani yao, binti wa Mzee Othman mwenye duka, na sasa ni mhandisi wa maji.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Karibu juisi, haijachacha hii."

Nasreen akanywa. "Tamu! Umeichujaje?"

"Kwa nyasi."

"Agnetha ameniambia anataka uhandisi wa mazingira. Basi wahandisi hao wanachuja maji ya mji mzima. Wanatumia mchanga na kokoto, na kila kitu wanakipigia hesabu. Wanasomea pia majitaka, taka na hewa chafu."

Baba akamtupia Agnetha jicho. "Sisi hatuhitaji kuchuja. Maji yetu yanang'aa."

"Kung'aa si usalama, baba. Vijidudu havionekani kwa macho. Choo chenu kiko wapi?"

"Pale juu, kwenye migomba."

"Na chemchemi?"

"Chini yake..." Baba akageuka kuutazama mteremko.

Mama akashika kiuno. "Kumbe ndiyo maana natibiwa homa ya tumbo kila mara?"

"Huenda, mama. Tusikisie, maji yapimwe. Kwa sasa chemsheni yote ya kunywa. Choo kipya chimbeni mbali, upande wa chini wa chemchemi."

Baba akaweka nyasi chini. "Na huyu wangu ataweza masomo hayo?"

"Amefaulu fizikia, kemia na hesabu. Ndiyo yanayotakiwa. Ni miaka minne, na likizo anavaa buti anakwenda kujifunza kazini."

Baba akamgeukia binti yake. "Mwanangu, nilikucheka bure. Chagua hicho hicho."

Moyo wa Agnetha ukaruka kwa furaha.

Likizo ya kwanza ya chuo alishuka kwenye bodaboda mbele ya nyumba. Choo kipya kilikuwa kimejengwa. Mtungi wa maji yaliyochemshwa ulikuwa umefunikwa vizuri. Mama alikuwa amenawiri, homa ameisahau. Kwa mazoea Agnetha akanyoosha mkono kuchukua fagio.

Baba akaliwahi. "Ebo! Liache. Uwanja nimeshafagia mwenyewe tangu asubuhi."

Kisha akashusha sauti, kama mtu anayeona haya kidogo.

"Mama yako kaniambia ulimsimulia ndoto yako ya bomba. Twende bondeni, ukanionyeshe litapita wapi."