Jina la Mtu Haliazimwi

Nelima alikuwa akisonga ugali wa mchana, huko Thika, nyapara wa shamba moja la mkonge la Ruiru aliposimama mlangoni.

"Philip wako ameiba baiskeli ya shamba akatoroka," akapaza sauti, majirani wote wakasikia. "Kipande, kitambulisho alichoandikwa kazi nacho, kina jina lake. Kesho aje, ama nilete polisi."

Nelima akaangua kicheko. Mumewe hajui hata kupanda baiskeli!

Lakini jioni Philip hakucheka.

"Nilimpa Tobias kipande changu. Chake kilipotea na alitaka kazi. Ni mtu wa kwetu, Nelima. Siwezi kumtaja. Nyumbani watasema nini?"

"Kwa hivyo ufungwe kwa sababu yake?"

Philip akainama. Nelima alipandwa na hasira.

Jirani yao Salehe, aliyewahi kuandikisha watu vipande, akapiga hodi huku mguu mmoja uko ndani tayari.

"Kuta zenu ni mabati, nimesikia. Bwana Philip, ukimpa mtu kipande, umempa jina lako atembee nalo. Akiiba, wewe ndiye umeiba. Lakini kidole chako hakwenda nacho. Alipoandikwa kazi alitiwa wino kidoleni. Waambie walinganishe alama. Na useme ukweli wote, pamoja na kosa lako."

Asubuhi wakaenda Ruiru.

"Vibarua ni wengi, sura sizikumbuki. Jina ni jina," nyapara akasema. "Mama, rudi nyumbani."

"Sirudi! Leta wino."

Wino ukaletwa. Alama hazikufanana hata kidogo.

"Basi kipande chako kilikuwa na nani?"

Philip alimtazama mkewe.

"Tobias," Philip akasema. "Nilimpa mimi, na hapo nilikosa. Lakini mwizi si mimi."

"Haya, nendeni."

"Hatuendi," Nelima akasema. "Jana ulimwita mwizi mbele ya majirani. Utakuja kumsafisha mbele ya hao hao."

Nyapara akaja Thika, uso umemshuka, akawaambia majirani kwamba Philip si mwizi. Philip naye akaripoti ofisini kwamba kipande chake kimekwenda na Tobias, akaandikishiwa kingine.

Jumapili watu wa kwao wakaja kulalamika. Kwa nini walimtaja Tobias? Nelima akawamiminia chai.

"Mtu wa kwetu nitamlisha, nitamlaza. Kama kipande kimepotea, nitampeleka mwenyewe ofisini aandikishwe. Lakini jina la mume wangu simpi mtu."

Wageni wakamgeukia Philip, mwenye nyumba.

"Hata mimi simpi," Philip akasema. "Kunyweni chai."