Kwa Nini Wifi Alinunua Chupa

Mimi napenda kuuliza. Siwezi kuona jambo nikalinyamazia. Ndiyo maana mtaa mzima unaniita Mama Kwanini, na jina hilo alinibandika wifi yangu, dada wa mume wangu. Tunashona pamoja katika chumba kimoja chenye cherehani mbili na meza ya kukatia. Mimi nashona magauni, yeye anashona sare. Kutwa nzima cherehani zinalia, na midomo yetu nayo haipumziki.

Wifi ana kitoto cha kike cha miezi minne. Tunamwita Kibonge, kwa mashavu yake. Hulala ndani ya kapu la vitambaa, kando ya meza. Akilia, wifi humwinua, humnyonyesha, kisha hurudi kazini. Ndivyo ilivyokuwa tangu mtoto azaliwe.

Asubuhi moja Kibonge alilia, na wifi akatoa chupa ya maziwa kwenye mkoba.

"Makubwa!" nikasema. "Hiyo chupa ya nini?"

"Ya kuwanyweshea mawifi wanaouliza sana."

"Maziwa yako yamekauka?"

"Uzi wako umekatika. Angalia kazi yako."

Nikaangalia. Uzi ulikuwa mzima kabisa. Nilipoinua macho, nikaona gauni la wifi limelowa kifuani. Maziwa yalikuwa yanamwagika yenyewe, na mtoto anahangaika na chupa, anaitema, anapiga mateke. Nikashika tama. Kama maziwa yapo, kwa nini mtoto apewe chupa?

Nikamuuliza mume wangu. Akasema, "Hayo ni mambo ya wanawake, msinitie katikati." Nikamuuliza wifi tena, akanikata jicho. Siku zikapita, na gauni lake likaanza kukauka. Moyo ukaniuma. Nilijua maziwa yasiponyonywa huondoka.

Basi akaja nesi wa kliniki ya mtaani kwetu kujaribu sare yake mpya. Wifi alikuwa kwenye cherehani anamalizia sare nyingine, basi mimi nikamsimamisha nesi mbele ya kioo, mikono juu, nikaanza kumbana kwa pini.

"Nitilieni mifuko miwili mikubwa," akasema.

Wifi akadakia, "Vizuri sana, nesi. Simu ikae mfukoni, siyo kwenye sidiria. Ndiyo inayoleta kansa ya titi."

Nesi akacheka mpaka pini ikamchoma. "Aaah! Nani kakwambia?"

"Kila mtu anajua. Simu, hela, sidiria ya kubana. Mama yangu mwenyewe alikuwa anaweka hela huko, na..."

Akaishia hapo. Akaokota kitambaa kisichoanguka.

Mimi nikaganda na pini mkononi. Mama mkwe alifariki kabla sijaolewa. Kila nilipouliza aliugua nini, niliambiwa tu, "Aliugua." Kumbe ilikuwa kansa ya titi!

"Nesi," nikasema, "hutoki hapa. Nimekushika na pini. Kama siyo sidiria, ni nini basi?"

"Ukweli ni kwamba mara nyingi hatujui kwa nini huyu kapata na yule hakupata," akasema. "Lakini hakuna uthibitisho kwamba inaletwa na sidiria, hela au simu. Yapo mambo tunayojua kwamba yanaongeza hatari. Pombe, kwa mfano. Kadiri mtu anavyokunywa zaidi, ndivyo hatari inavyopanda. Hata kidogo tu inahesabika."

Wifi akajikohoza. Yeye na bia zake za mwisho wa wiki nawajua.

"Na unene," nesi akaendelea, "hasa mwanamke akishakoma hedhi. Na kukaa kutwa bila kuutumia mwili."

Wifi akanitazama kiunoni. Nami nikamtazama yeye.

"Lakini sisi tunakanyaga cherehani!" nikajitetea.

"Inueni makalio kwenye viti, mama. Tembeeni kwa haraka kila siku, mpaka pumzi ziende mbio."

"Haya, na kinachopunguza?"

"Hayo hayo ukiyageuza. Na kunyonyesha. Mama anayenyonyesha anapunguza hatari yake mwenyewe, na akinyonyesha muda mrefu inapungua zaidi."

Cherehani ya wifi ikanyamaza.

"Rudia hapo," akasema.

Nesi akarudia. Wifi akakunja kitambaa, akakikunjua, akakikunja tena.

"Nesi, kuna mtu namfahamu," akaanza. "Si mimi, ni mtu tu. Mama yake alikufa kwa ugonjwa huo, na huyo mama bado alikuwa kijana. Huyo mtu alinyonya titi lile lile lenye uvimbe. Mashangazi walisema mtoto kainywa sumu, iko ndani yake inasubiri. Sasa huyo mtu amezaa binti, na majuzi mashangazi wamemkumbusha. Si atampa na yeye?"

Kwenye kapu Kibonge alikuwa ananyonya kidole chake.

Nesi hakucheka. Alishusha mikono, na pini zake zote, akamgeukia wifi.

"Mwambie huyo mtu kwamba kansa haipiti kwenye maziwa. Hakunywa sumu yoyote kwa mama yake. Na binti yake hatapata kansa kwa kunyonya. Mwambie anawanyima watu wawili. Mtoto anakosa chakula chake bora, na yeye anakosa kinga."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

Wifi akafunika uso kwa pindo la ile sare ya watu, nesi akiwa bado ameivaa. Akalia kwa sauti. "Ni mimi," akasema. "Ni mimi, nesi. Nilikuwa nasikia maziwa yakishuka, najizuia. Mwanangu ananitazama, nampa chupa. Nilijua nakufa, nikasema angalau yeye apone."

Nilimkumbatia. Na mimi machozi yalinitoka, sioni aibu kusema. Kumbe kila nilipomtania habari ya ile chupa, mwenzangu alikuwa anaagana na mtoto.

Alipotulia, nesi akavuta kigoda. "Sasa sikiliza, maana sitaki kukudanganya. Mama yako kuugua akiwa kijana ni jambo ambalo daktari lazima alijue. Ndugu wa damu wa karibu akiugua, hatari yako inakuwa kubwa kuliko ya wengine. Lakini hatari si hukumu. Wengi wenye historia hiyo hawaugui kamwe. Na wengi wanaougua hawana ndugu yeyote aliyeugua. Wewe unatakiwa kuanza kupimwa mapema, ili kama kuna kitu kionekane kikiwa kidogo. Kikiwahiwa, kinatibika."

"Afadhali mimi ni mtu wa kuolewa tu," nikasema, nikijaribu kumchekesha wifi. "Kwenye ukoo huo mimi simo."

"Una binti?" nesi akaniuliza.

"Ninaye, yuko shule."

"Baba yake ni mtoto wa nani?"

Kikopo cha pini kikanidondoka. Nilidhani mambo haya hupita kwa mama peke yake. Nesi akanieleza kwamba hurithiwa hata kwa upande wa baba, na kwamba wanaume nao hupata kansa ya titi, ingawa ni wachache. Kwa hiyo hata mume wangu, aliyesema asitiwe katikati, alikuwa katikati tangu alipozaliwa!

"Na maziwa yangu?" wifi akauliza. "Yakishaanza kwenda, yanarudi?"

"Mara nyingi yanarudi. Mweke mtoto titini mara kwa mara, mchana na usiku, hata kama hakuna kinachotoka. Mshike kifua kwa kifua. Chupa usiikate ghafla, mtoto asije akashinda njaa. Njoo kliniki tumpime uzito, tukuoneshe namna ya kuipunguza."

Nesi akaondoka akiwa amevaa gauni lake la zamani. Sare ilikuwa imelowa machozi.

Haikuwa rahisi. Kibonge alishazoea chupa. Alipowekwa titini alinyonya kidogo, akakasirika, akapinda mgongo, akapiga kelele za kuita majirani. Wifi alikuwa anatoka jasho. "Amenichoka," aliniambia. Nikamwambia, "Hajakuchoka, ana hasira zako tu." Akatabasamu, akamweka tena.

Kliniki tulikwenda wote wawili, kwa miguu. Daktari alimsikiliza wifi habari ya mama yake, akampima matiti yote mawili na makwapa. Hakuona kitu. Akampangia tarehe za kurudi na umri wa kuanza kupigwa picha ya matiti, mapema kuliko wanawake wengine. Na akatuambia tuyajue matiti yetu. Tukiona uvimbe, ngozi iliyobonyea, chuchu iliyogeuka au inayotoa damu, twende siku hiyo hiyo, tusingoje maumivu.

Jioni ile nilimkalisha mume wangu na binti yetu. Nikamwambia mume wangu, "Sema wewe." Akaanza kwa kuulizia habari za shule. Mwishowe alimwambia binti bibi yake aliugua nini. Ilikuwa mara ya kwanza neno kansa kutamkwa ndani ya nyumba yetu. Binti akatuuliza maswali mpaka chakula kikapoa. Huyo kweli ni wangu.

Siku hizi tunafunga kazi mapema kidogo, tunarudi nyumbani kwa mwendo wa haraka, na watoto wa mtaani wanatucheka. Bia wifi ameziaga. Anasema zimemlilia sana.

Lakini lile jambo tulilokuwa tunalingoja lilitokea asubuhi moja ya kawaida. Nilikuwa natia pindo. Kibonge akaamka, akaanza kulia kwenye kapu. Nilipoinua macho, nikaona doa kwenye gauni la wifi, kifuani, linapanuka.

"Wifi!" nikapiga kelele. "Wifi, umelowa!"

Akajitazama. Akagusa lile doa kwa kidole, taratibu, macho yakamjaa maji.

"Sasa kwa nini unasimama hapo?" akasema. "Niletee mwanangu."