Vidole Visivyo na Mistari

Mashine ya kusomea alama za vidole ilikuwa imeibwa, na siku yenyewe ilikuwa ya mwisho ya kuandikisha wapiga kura. Nje ya ofisi, foleni ilikuwa imekwisha kuanza kunung'unika.

Inspekta hakukubali kiti. Alikizunguka chumba mara mbili, kisha akasimama mbele ya ukuta wa nyuma. Saruji mbichi ilifunika nafasi ya matofali manne.

"Hapa palizibwa lini?"

"Jana tulipofunga, afande, ukuta ulikuwa mzima," karani akajibu.

"Yaani mwizi katoboa, kaiba, kisha kaziba. Tena kapiga lipu."

Mtaalamu wa alama za vidole akamulika tochi. "Ameigusa saruji kwa vidole vyote vitano, afande. Ila havina mistari. Laini kama mgongo wa kijiko."

Inspekta akamgeukia karani. "Mashine hiyo imemkataa nani?"

"Fundi mwashi mmoja, anakaa nyuma ya ghala. Amekuja mara nne. Nikamwambia, mzee, mashine haikutambui, nenda ukapumzike. Watu wakacheka."

"Nawe?"

Karani akavitazama viatu vyake. "Kidogo."

Fundi alikutwa uani kwake. Mashine ilikuwa juu ya kigoda, imefunikwa kitambaa safi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umekawia, mwanangu."

"Kwa nini umeichukua?"

"Nilitaka nijaribu polepole, pasipo watu mgongoni. Nimenawa maji moto, nimepaka mafuta. Wapi. Saruji na chokaa za miaka arobaini zimevila vidole. Ofisi ile niliijenga mimi, na ndani yake naambiwa sitambuliki. Sijapata kupiga kura hata mara moja. Nizikwe sijaandikwa popote?"

"Na ukuta?"

"Ningeuachaje wazi? Mvua ingeingia."

Kwenye kituo cha polisi maelezo yake yaliandikwa, akatakiwa kutia dole gumba. Karatasi ikapokea doa jeusi tupu.

"Hata nyinyi," fundi akasema.

Inspekta akaagiza karani aletwe. "Sheria inasemaje juu ya mtu asiye na alama?"

"Ipo fomu, afande. Picha na mashahidi wawili wanaomjua."

"Iko wapi?"

"Kwenye droo."

"Mara zote nne?"

"Hakuiulizia."

Inspekta akaitazama saa ya ukutani. Saa tisa na robo. Uandikishaji ulifungwa saa kumi.

"Mzee, shauri la wizi litakwenda mahakamani, sitalificha. Karani, kailete fomu hiyo. Kimbia."

Ilipoletwa, alitia sahihi yake kwenye mstari wa shahidi wa kwanza, kisha akamsukumia karani kalamu.

"Mimi, afande? Mimi simjui."

"Umemwona mara nne. Unamjua. Andika."