Zamu ya Uvunguni

Jioni waliiacha dadu chini ya kitanda, juu yake ikionyesha nne. Asubuhi Keziya alipopitisha ufagio aliikuta inaonyesha tatu, imelowa, inanuka tope la ziwani. Nyumba yao pale Matema iko mbali na maji, na paka hawana. Mgongo ulimuuma kwa kupalilia mpunga, na aliona hana nguvu hata za kuogopa. Hakuigusa.

Ugomvi wenyewe ulikuwa wa kijinga. Mumewe, Yakobo, alinunua Karonga pakiti ya kadi za kukusanya, zenye picha na namba. Dadu ikitoa namba, kadi yenye namba hiyo inalazwa kifudifudi, imekufa. Majina yake ya kizungu yaliwashinda kutamka, basi wakazibatiza majina ya nyumbani. Tatu ikawa jogoo wao. Sita, yenye kitoto kilichoshika mkuki, wakaiita Kenani, jina la mtoto wao, wakacheka mpaka basi.

Kisha Yakobo akairusha dadu, ikaruka ikaingia uvunguni. Karatasi ya masharti ilisema ikianguka chini, anayefuata arushe.

"Anayefuata ni wewe," alisema Yakobo.

"Nafuataje na wewe hujamaliza zamu? Imeanguka, haihesabiki. Rudia mwenyewe."

Walibishana mpaka wakachoka, wakaenda kulala bila kuamua zamu ni ya nani.

Sasa dadu ilionyesha tatu. Keziya alitoka nje akamkuta jogoo amekufa bandani, manyoya yamelowa chapachapa, ingawa banda lilikuwa kavu. Aliporudi, pale mezani kadi ya tatu ilikuwa imelazwa kifudifudi.

Mchana Kenani akaanza kuchemka mwili. Yakobo alitoka mbio kumfuata Mzee Ambilikile, anayewaombea wenye majini, akarudi amelowa. Mto ulikuwa umefurika, hapavukiki. Wakakaa kitandani, mtoto katikati, mvua ikipiga bati na harufu ya tope ikipanda kutoka uvunguni, na ndani ya harufu hiyo wakasikia dadu ikibingirika taratibu, ikigonga mguu wa kitanda, ikisimama, ikibingirika tena, kama mtu anayeipima mkononi kabla ya kuirusha kweli, huku pale mezani ukingo wa kadi ya sita ukianza kuinuka wenyewe.

"Nani huyo?" Yakobo alinong'ona.

"Anayefuata. Tuliikataa zamu, yeye akaichukua."

Uchovu wa Keziya uliuzidi woga. Aliivuta ile karatasi akaisoma tena, mstari kwa mstari, kisha akainama ukingoni mwa kitanda.

"Hapa wanasema kila anayecheza aweke kwanza kadi yake mezani. Wewe ya kwako iko wapi? Huna kadi, huna zamu. Tuachie mtoto wetu."

Dadu ikanyamaza. Kadi ya sita ikatulia. Baada ya muda Kenani akatoka jasho, akalala vizuri.

"Ndaga, Kyala," Yakobo alimshukuru Mungu, akilia.

Asubuhi mtoto aliomba uji. Keziya alikwenda mezani kuchukua kikombe. Kando ya kadi zao palikuwa na kadi nyingine, imelowa, haina picha, rangi ya tope, imewekwa sawasawa kama masharti yanavyotaka. Dadu ilikuwa imetolewa uvunguni, ikawekwa mbele ya kiti cha Keziya.

Akiikataa zamu, alijua nani anafuata: yule wa uvunguni, na sasa kadi anayo.

"Baba Kenani," alisema polepole, "mpeleke mtoto nje."

Akavuta kiti, akaketi, akaichukua dadu.