Aliyeitika Kisimani

Chiriku aliamka kimya, na wazazi wake wakatazamana. Binti huyo alipewa jina hilo la utani kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Hata usingizini aliropoka. Asubuhi hiyo alikaa jikoni, nywele mbichi, akinuka tope. Mama yake akamuuliza kama anaumwa. Akatikisa kichwa tu.

"Jana jioni nilimkuta ukingoni mwa kile kisima," mama akamwambia mumewe kwa sauti ya chini. "Nimemkausha nywele, zimelowa tena."

Kisima kilikuwa nyuma ya jiko, kimetelekezwa na wenye nyumba wa zamani, kimefunikwa mbao zilizooza. Kila siku baba alisema atakishughulikia kesho, na kesho yake haikuwahi kufika. Sasa akamwita fundi wa visima, mtu mzima asiyecheka ovyo.

Fundi akaondoa mbao, akateremsha taa ya utambi kwa kamba. Ikazima kabla ya kufika chini.

"Hewa mbovu. Asishuke mtu. Tutajaza mawe, kokoto, udongo mzito, juu zege. Ila kwanza, shemeji, ita watu wa nyumba hii mmoja mmoja. Kila mtu aitike akiwa hapa juu. Bila hivyo sitii jiwe."

Mama akamwita mumewe, akaitika. Kisha, akiwa amemshika binti yake mkono, akaita, "Chiriku."

"Abee, mama," ikajibu sauti kutoka chini.

Mkono alioushika ulikuwa baridi, wala haukushtuka.

"Jini huiga sauti," baba akanong'ona.

"Huiga na sura pia, mzee," fundi akasema. "Mimi kazi yangu kufukia. Hapo mtaamua wenyewe."

Sauti ile haikungoja, ikaanza kupiga soga kama kawaida yake, kwamba huku chini kuna baridi, na kandambili moja imepotea, na mama asimgombeze maana aliitwa na mtoto anayefanana naye, na je, paka amekula, na mbona hamnijibu, na mama akasikiliza yote huku akimtazama huyu wa juu, macho hayapepesi, maji yakimchuruzika shingoni juani, akatafuta moyoni uchungu wa kumwonyesha mwanawe ni yupi, asiukute, moyo umekufa ganzi.

"Taa imezima kule," baba akasema. "Mtoto atapumua nini tangu jana? Wetu ni huyu."

Mama alijua kwamba wakikosea, wanamzika mwanawe akiwa hai.

"Jaza," akasema.

Mawe yakaingia. Maneno yakaendelea chini yake, yakififia kwa kila toroli, yakabaki "mama" tu, kisha hata hilo likakatika. Fundi akamwaga zege, akalisawazisha, akaondoka bila kuaga.

Walipokaa kula, Chiriku akasogeza sahani, akafungua kinywa kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

"Nilijua utanichagua mimi," akasema.

Baba akaangusha kijiko. Mama akamfuta mtoto yule maji shingoni.

"Kula," akamwambia. "Chakula kinapoa."