Mkate Uliolazwa Kifudifudi

Mambo haya yalimkuta jirani yetu Solange Berthollier, mwenye lile duka la mikate kwenye kona ya mtaa wetu wa mlimani, hapa Lyon. Kama huamini, shauri yako. Mimi mvinyo wa pale nakunywa, mkate sigusi.

Ilikuwa Alhamisi ya mwezi wa sita, siku ya kawaida kabisa. Asubuhi watu walipanga foleni kununua mikate. Ilipofika saa kumi na mbili jioni Solange alifuta unga kwenye kaunta, akapanga meza saba, akawasha mishumaa, na duka likageuka mkahawa wa mvinyo, jibini na soseji kwa dengu. Mkahawa huo wa jioni ulikuwa jasho lake mwenyewe. Mikate ya asubuhi ilikuwa ya ukoo wa mumewe.

Na ukoo huo ulikuwa na uchafu mmoja ambao Solange hakuuzoea hata baada ya miaka minane. Kila asubuhi Odile, shangazi wa mumewe, ajuza wa miaka themanini na moja aliyeishi ghorofani, alishuka, akachagua mkate mmoja wa mviringo, akalamba kidole gumba, akachora msalaba wa mate chini yake, kisha akaulaza kifudifudi mwisho wa rafu.

"Wa mnyongaji," alisema.

Zamani mnyongaji wa mji alitengewa mkate wake hivyo, umepinduliwa, ili mwingine asiuguse kwa bahati mbaya. Wanyongaji wenyewe walishakwisha siku nyingi. Lakini kila kukicha mkate ule ulikuwa haupo, na ubao wa rafu umelowa ute unaonata. Solange aliufuta kwa maji ya moto na siki, amebana pumzi, akiwalaani panya.

Jioni ile wateja walifurika. Saa moja na nusu, jua bado liko kwenye vioo, mikate ikaisha. Mumewe, aliyeanza kuoka alfajiri, alikuwa ameshalala ghorofani. Rafuni ulibaki ule mmoja.

"Mama, nina njaa," alisema Maëlle, bintiye wa miaka sita, mwenye pengo la meno mawili ya mbele.

Solange aliutazama mkate. Akautazama ukumbi. Mate ya bibi kizee yamekauka tangu asubuhi, alijiambia, nani atajua? Akaugeuza. Akaukwangua chini kwa kisu, akaukata. Ndani ulikuwa wa moto, ilhali ulitoka tanurini tangu saa kumi na moja alfajiri. Ncha, kile kipande cha pembeni chenye ganda, alimpa Maëlle kama kawaida, maana ncha ni haki ya mtoto. Vipande vingine akavigawa vikapuni.

Wa kwanza alikuwa Bwana Perrachon, mfamasia. Alitafuna, akasita, akatia vidole mdomoni.

"Solange, binti yangu, leo unga umeukanda kwa kichwa?" akacheka.

Alikuwa ameshika unywele. Mrefu, wa mvi, umelowa. Akauvuta. Ukaja. Akauvuta tena, ukaja tena, ukimtoka kooni na mabaki ya mkate na dengu, na kicheko kikamwisha. Ulipofikia urefu wa mkono akatapika kwenye sahani. Meza ya pili mwanamke mmoja alianza kuvuta wa kwake. Kisha meza ya dirishani. Harufu ikatanda, kama ya kitambaa cha jikoni kilichooza ndani ya maji.

Odile alikuwa amesimama kwenye ngazi. Hakupiga kelele.

"Nani kaugeuza?"

"Mimi, shangazi. Mikate iliisha..."

"Mjinga we! Kusanya. Vya vikapuni, vya sahani, vya midomoni. Kila chembe irudi kabla mwenyewe hajafika."

"Akifika asikute?"

"Atamchukua aliyekula."

Solange alizunguka meza na beseni. Alipokea vilivyotafunwa kwa viganja vyake, vya moto, vina ute, vimefungamana na nywele. Vya sakafuni akaviokota kwenye matapishi. Akavikanda kwa mikono mitupu, machozi yanamtiririka, mpaka vikashikana. Bonge zima lilikuwa vuguvugu. Ndipo akakumbuka.

"Maëlle!"

Mtoto alikuwa amekaa nyuma ya kaunta. Mikono mitupu.

"Tema, mwanangu. Tema."

"Nimeshameza."

Solange alimlaza magotini akamtia vidole kooni. Mtoto alijipinda. Akalia. Akatapika. Ncha ikatoka, imeshikana, kavu, kana kwamba haijawahi kutafunwa. Pembeni tu kulikosekana kipande kidogo, kama kucha.

"Imetoka yote?" Odile alinong'ona.

Solange aliona damu mdomoni mwa mwanawe. Aliona macho yake. Hakuweza kumtia vidole mara ya pili.

"Yote."

Wakaibandika ncha kwenye lile bonge, wakalilaza kifudifudi mwisho wa rafu, wakafunga duka. Solange alilala na Maëlle kitanda kimoja, mkono wa mtoto ndani ya mkono wake, na hakuuachia mpaka kukakucha.

Asubuhi walishuka wawili, yeye na Odile. Bonge lilikuwepo. Miaka yote mkate wa pale ulichukuliwa, leo ulikuwepo. Umeng'atwa mara moja tu. Mng'ato mdogo, alama za meno safi, na katikati yake pengo la meno mawili.

Odile alipitisha kidole kwenye alama zile.

"Ulisema yote," alisema taratibu. "Basi mnyongaji hana haja ya kubeba mkate tena. Keshapata mdomo."

Tangu siku hiyo Solange ndiye anayelamba kidole na kuulaza mkate kwa mikono yake. Kila asubuhi anaukuta umeng'atwa. Maëlle ni mzima, anacheka, anafanya vizuri shuleni. Mkate tu ndio asiokula. Ukimpa, anasema ameshiba.

Mwaka uliofuata meno yake ya mbele yaliota, la kulia likapanda kidogo juu ya mwenzake. Solange alishuka asubuhi, akawasha taa, akauchukua mkate rafuni. Kwenye mng'ato pengo halikuwepo tena. Jino la kulia lilikuwa limepanda kidogo juu ya mwenzake.